Jina Halipewi Karatasi

Grayhorse, Oklahoma
14 Septemba 1947

Ndugu yangu Kshonka,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi Marjorie, namsalimu na mtoto wetu Russell, ambaye nadhani sasa miguu yake inatoka nje ya blanketi. Sisi huku wazima. Joto bado halijatuachia. Mahindi nimeyakausha juu ya paa la kibanda. Kunguru wamekula sehemu yao nami nimeweka yangu. Baba Mkubwa Amos bado yuko kwangu, chumba cha nyuma, tangu paa la nyumba yake lilipoanza kuvuja. Analalamika kwamba kahawa yangu ni nyepesi, kisha anamaliza birika zima. Josephine wa ng'ambo ya kijito, ambaye bado anakuita Theodore kama walivyokuita shuleni, anauliza kama New York wamekufundisha kuvaa kofia.

Zamani Mama alipotuita kwa majina yetu ya zamu ya kuzaliwa, Mina, Ingron, Kshonka, Kazhinga, ua mzima ulikuwa unaitika. Siku hizi nikikaa barazani jioni nakumbuka kwamba wa kuitika tumebaki wawili, na mmoja hasikii kwa umbali.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwalimu wa shule ya Fairfax alileta gazeti lenye picha ndogo ya mtu wetu, wa kabila letu la Waosage, iliyochorwa na Mfaransa mmoja zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati wazee wetu walipoitwa mashariki kuonana na mkuu wa serikali. Picha yenyewe ni ndogo kama kiganja cha mtoto. Baba Mkubwa aliishika karibu na dirisha mpaka jua likahama. Anasema baba wa babu yake alikuwa miongoni mwa walioitwa. Alikaa huko muda mrefu, akarudi amevaa koti la askari, na hakusema kitu juu ya alikokuwa mpaka alipokufa. Baba Mkubwa anataka kujua kama ndiye huyu. Gazeti linasema picha ya asili imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko huko mjini kwenu.

Nenda ukamwone, ndugu yangu. Tazama masikio yana matundu mangapi, tazama nyusi kama zimeng'olewa, tazama kama chini pameandikwa jina.

Na jambo la pili unalijua. Mwanao ana miaka tisa na bado hana jina la ukoo wetu. Wa kulitoa amebaki Baba Mkubwa peke yake. Mlete.

Dada yako,
Mina


New York
2 Novemba 1947

Dada yangu Mina,

Pokea salamu zangu, na za nyumba yangu yote. Nisamehe kwa kuchelewa; kiwanda cha uchapaji kimetushika, na nikitoka nina wino mpaka kwenye kope. Kofia navaa, mwambie Josephine, na inanipendeza kuliko ilivyompendeza marehemu mumewe. Russell hajambo, anakua. Mpe Baba Mkubwa mkono wangu.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi alinielekeza mlango wa wapeleka mizigo. Mara ya pili nilimkuta mama mmoja mtunzaji, mwenye miwani ya mnyororo, akanitolea michoro yenyewe mezani na kuniambia nisiiguse. Sikuwa na nia ya kuigusa. Nilipoona ukubwa wake, mikono yangu ilijificha yenyewe mfukoni.

Dada, ni watu wazima kwa kimo chao. Kichwa ni kichwa kama changu. Huyo Mfaransa alikuwa na mashine ya mbao iliyofuata mstari wa uso, paji, pua, kidevu, kisha akajaza kwa chaki nyeusi na nyeupe. Karatasi aliipaka rangi ya waridi, nayo imepauka, hivyo uso unaonekana kama wa mtu aliyekaa karibu na moto unaozimika. Wote wamechorwa upande. Wote wanatazama pembeni. Nilizunguka meza kama mjinga nikitafuta pa kusimama ili mmoja wao anione. Hakuna aliyeniona.

Huyo mnayemuulizia amevaa koti la askari lenye nyuzi begani. Kichwa kimenyolewa, kumebaki shungi la juu. Nyusi hana. Sikio limetobolewa ukingo mzima, na mapambo ya fedha yamelivuta likalala. Mdomo ameufunga kama mtu aliyeulizwa swali na hataki kulijibu.

Chini kuna jina, lakini limeandikwa na mtu aliyesikia nusu. Nalinakili hapa nyuma ya barua, herufi kwa herufi. Mimi nimelisoma kwa sauti njiani nikirudi, na halikufanana na neno lolote la kwetu. Labda ulimi wangu ndio umeharibika. Huku sina wa kusema naye lugha yetu.

Nilikaa naye mpaka walipozima taa za upande ule. Nitarudi.

Juu ya safari, tutaona. Msimu huu ni mgumu.

Ndugu yako,
Theodore


Grayhorse
16 Novemba 1947

Kshonka,

Amani ya nyumba hii ikufikie. Baridi imekuja kwa ghafla, maji ya ndoo yameanza kuganda asubuhi. Kokwa za mipekani zimeanguka nyingi mwaka huu, na mgongo wangu ulioziokota unajua. Baba Mkubwa ana kikohozi kidogo, si cha kukutia wasiwasi.

Ulivyoandika lile jina nimemsomea. Akaniambia nisome tena, polepole, kama Mfaransa. Mimi Mfaransa namjulia wapi? Nikakunja midomo nikasoma. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akalisema jina lenyewe lilivyo. Alipolisema tu, nikaona jinsi yule mwandishi alivyolikosa: mwanzo alikata, mwisho akaongeza wake.

Ni jina la ukoo wetu. Baba Mkubwa anasema yule mzee aliporudi na kukaa kimya vile, watu waliona jina lake limekwenda mbali mno, wakaogopa kumpa mtoto mwingine. Tangu hapo halijaitwa na mtu. Yeye alilisikia kwa babu yake mara moja tu, akalitunza.

Siliandiki hapa, maana bado halijapewa mtu. Lakini nakuandikia alichosema, neno kwa neno: "Mwenye jina hilo alikwenda mbali kwa watu wasiomjua, akarudi. Mtoto wa Kshonka naye yuko mbali. Hilo ndilo jina lake. Mwambie amlete nimsimamishe hapa, nimtazame machoni."

Umeelewa sasa kwa nini nakusumbua? Njoo kwa Krismasi. Kama wifi Marjorie hapendi baridi ya huku, nina mablanketi ya kutosha wageni kumi. Nyumba ina vyumba vinne, na mimi nalala kimoja.

Nimetuma kifurushi cha Russell. Ni viatu vya ngozi, nimevishona mwenyewe, na kwenye ngoma ya kabila letu ya Juni vitamfaa vilevile. Mguu wake nimeukisia kwa mjukuu mkubwa wa Josephine. Nijulishe kama vinamkaa.

Na unaposema huna wa kusema naye lugha, na mwanao je? Si ungemfundisha walau kuomba chumvi?

Mina


New York
20 Desemba 1947

Dada Mina,

Heri ya sikukuu kwenu wote. Theluji imejaa, magari hayatembei, na mji huu ukinyamaza unatisha kuliko ukipiga kelele.

Nilipata kifurushi. Viatu vimemkaa Russell sawasawa, kana kwamba ulimpima. Anacheza navyo sebuleni mpaka majirani wa chini wanagonga dari. Marjorie anashukuru.

Krismasi haitawezekana. Kiwandani tuna kazi ya kalenda, na mtoto ana shule. Labda majira ya kuchipua.

Ili Baba Mkubwa asione nimemsahau, nimemchorea nakala ya mtu wetu. Nimekwenda Jumamosi nyingi. Mama wa miwani sasa ananiwekea kiti. Unakumbuka masista shuleni walivyonipiga vidole kwa kuchora kwenye kitabu cha sala? Vidole havikusahau. Karatasi ya waridi sikupata, nimetumia ya kahawia ya kufungia vitabu. Chaki ni ya kweli.

Si kazi ya fundi, lakini masikio nimeyachora kwa uaminifu.

Theodore


Grayhorse
8 Januari 1948

Kshonka,

Nakusalimu. Wengine wa nyumba yako leo siwasalimu, na utaona kwa nini.

Picha ilifika haikukunjamana. Nikamwekea Baba Mkubwa mezani, nikavuta taa. Aliipapasa kingo zake kwanza, kama mtu anayetafuta mlango. Akasema masikio ni ya mtu wetu, koti ni la wazungu, shungi limekaa vizuri. Kisha akaweka kidole mdomoni mwa picha akasema, "Lakini mdomo huu naujua. Huyu ni Kshonka."

Nikamwambia, "Baba Mkubwa, hii ni picha ya mzee wetu, Kshonka ndiye aliyechora."

"Najua nani kachora. Sijazeeka masikio. Alipofika mdomoni alichoka kumtazama mzee, akachora anaoujua. Muulize anakula na nani."

"Ana mke na mtoto, anakula nao."

"Muulize," akasema, akageukia ukutani.

Ningeandika hayo kama mzaha wa mzee. Lakini jana Josephine alikuja kuchukua viatu nilivyomshonea mjukuu wake mdogo, yule msichana wa miaka miwili. Nikafungua kabati, nikatoa viatu. Kimoja kilimwingia kama soksi. Kingine kilikuwa kikubwa kama mtumbwi, mtoto akaingiza miguu yote miwili. Tukacheka sana, Josephine na mimi, tukafuta machozi. Baada ya hapo nikaacha kucheka, kwa sababu nilifahamu nilichokutumia. Ndani ya kile kifurushi mlikuwa na kiatu kimoja cha mvulana wa miaka tisa na kimoja cha mtoto anayejifunza kutembea.

Wewe umeniandikia vimemkaa sawasawa. Umeniandikia anacheza navyo.

Sikukasirika. Nimekaa jikoni tangu alfajiri nikijaribu kukasirika na sikuweza. Nakuuliza tu lile swali la mzee: unakula na nani?

Mina


New York
15 Januari 1948

Dada,

Nakula peke yangu.

Marjorie aliondoka masika ya mwaka juzi. Hatukupigana wala hatukuvunjiana vyombo. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na mtu anayengoja treni. Alimchukua Russell, wakaenda kwa wazazi wake, mji mdogo wa Ohio. Mara ya kwanza niliandika, akanijibu kwa adabu. Mara ya pili sikujua niandike nini. Baadaye aibu ikaongezeka, kila mwezi ukawa mzito kuliko uliopita, nikaacha.

Kifurushi chako sikukifungua. Kiko juu ya kabati. Niliogopa kuona kazi ya mkono wako. Leo nimekifungua, nikaviona hivyo viatu viwili, kimoja kimelala pembeni ya mwenzake, na nikaketi sakafuni.

Baba Mkubwa ameona kweli. Zile Jumamosi niliendelea kwenda kwa sababu mule ndani kulikuwa na watu wetu, hata kama ni wa chaki. Yule mama akitoka nilikuwa nawasalimia kwa lugha yetu, kila mmoja, kama mtu anavyoingia kwenye nyumba yenye wazee. Hawakugeuka, lakini sikuwa nategemea. Nilipofika kwenye mdomo nilimtazama yule mzee nikawaza: huyu naye alikalishwa kwenye kiti, watu wanampima pua, na hajui ni lini ataambiwa inatosha, nenda nyumbani. Mkono ukaendelea wenyewe.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyebaki wa kunifikiria mimi nina nyumba. Nilitaka walau mahali pamoja duniani niwe nayo.

Kwa hiyo jina hilo, dada, mwambie Baba Mkubwa ampe mtoto mwingine wa ukoo. Mimi sina wa kumleta.

Theodore


Grayhorse
22 Januari 1948

Kshonka, ndugu yangu,

Nimepata barua yako na nimeisoma nikiwa nimesimama barazani na koti langu bado mkononi. Sitakulaumu. Mume wangu Prosper alipokufa niliwaambia watu wote kwamba silali mapema kwa sababu ya ushonaji.

Na mimi nimekuficha. Baba Mkubwa hana kikohozi tu. Mapafu yake yanajaa maji. Daktari wa Fairfax alinitoa nje akaniambia, na Baba Mkubwa aliposikia mlango unafungwa akaniambia nisijisumbue kumweleza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utakuja peke yako, kwa haraka, kwa ajili ya kifo, umwache mtoto nyuma. Nilitaka uje kwa ajili ya jina.

Nimemwambia maneno yako, kwamba ampe mtoto mwingine. Amesema hapana mtoto mwingine. Amesema mtoto haachi kuwa wako kwa sababu analala nyumba nyingine.

Nenda Ohio. Usiandike barua, umeandika za kutosha. Nenda kwa miguu yako.

Mina


New York
4 Februari 1948

Dada yangu Mina,

Nimetoka Ohio jana.

Alinifungulia baba yake Marjorie. Alinitazama theluji ikinidondokea, kisha akasema niingie, nisije nikaganda kwenye ngazi zake akalazimika kueleza. Marjorie alikuwa jikoni. Hakukasirika. Alinitengea kiti kama wanavyomtengea mgeni wa kanisa, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Russell alikuwa anafanya hesabu za shule. Amerefuka, dada. Ana paji la Baba. Alinipa mkono akanisalimu kama anavyosalimiwa tarishi. Nikaketi. Nikatoa karatasi na chaki nikamwuliza kama naweza kumchora. Akasema sawa, lakini hatakaa kimya muda mrefu.

Nilitaka nimchore upande, kama wale wazee. Nilimgeuza bega. Kila nilipoinamia karatasi, alikuwa amegeuka tena, ananitazama.

"Tazama dirishani," nikamwambia.

"Dirishani hakuna kitu," akasema. "Kwa nini hukuja?"

Nikamjibu kwamba sikujua kama ningekaribishwa.

"Ungebisha hodi," akasema.

Basi nikamchora hivyo hivyo, anatazama mbele. Nimeiambatanisha. Chaki iliteleza upande wa shavu la kushoto, usidhani mtoto ana kovu.

Nilimweleza Marjorie juu ya jina, na juu ya mzee. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa kabisa. Alisema hawezi kumtoa mtoto shuleni katikati ya baridi na kumpandisha treni na mtu ambaye mpaka majuzi hakuwa hata akiwaandikia, na alisema hivyo akiwa na machozi, na sikuweza kusema amekosea. Aliniambia nije tena. Nitakwenda kila mwezi.

Najua mwezi ni mrefu kwa Baba Mkubwa. Ndiyo maana natuma picha. Mwonyeshe. Ni uso wake kweli, kwa kimo chake kweli, nilimpima kwa uzi. Mwombe ampe jina hapo hapo, mbele ya picha, nami nitalibeba nimpelekee. Wale wazee walipoitwa mashariki, ni sura zao tu zilizobaki kule, na mpaka leo tunawatambua. Kwa nini sura ya mtoto isifike huko ikatambuliwa?

Mwombe, dada. Wewe hajawahi kukukatalia.

Theodore


Grayhorse
1 Machi 1948

Kshonka wangu,

Keti kwanza.

Picha ilifika Jumatatu, majuma mawili yaliyopita. Nilimwinua Baba Mkubwa na mito, nikaishika mbele yake. Macho yake yalikuwa yameshakuwa na ukungu, lakini aliivuta karibu mpaka pua ikaigusa. Alisema, "Huyu ananitazama." Akafurahi sana. "Wale wengine wote hawakumtazama mtu. Huyu ananitazama mimi."

Nikamwomba kama ulivyosema. Nikapiga magoti, Kshonka, mimi na magoti yangu haya. Akanishika kichwa.

"Hapana, binti yangu. Jina halipewi karatasi. Jina linataka mtu wa kuliitikia. Nikiliita hapa, nani ataitika? Wewe?"

Nikalia. Akaniambia nikalie jikoni, kuna mgeni.

Akaniagiza nilete kiti cha Baba, niiegemeze picha juu yake, kando ya kitanda, usawa wa macho yake. Nikafanya. Kuanzia hapo mimi nilikuwa mtu wa mlangoni tu. Alizungumza naye kutwa, siku baada ya siku. Alizungumza kwa lugha yetu, ile ya zamani, yenye maneno ambayo mimi mwenyewe niliyasikia mara ya mwisho kwa Bibi. Alimweleza juu ya mzee wa koti, kwamba kimya chake hakikuwa cha hasira, ila alikuwa ameona watu wengi mno na akakosa pa kuanzia. Alimweleza mahali ukoo wetu unapokaa kwenye ngoma, na kwamba asikimbilie mbele, vijana wa mjini hukimbilia mbele. Alimwonyesha namna ya kusimama kabla jua halijatoka, uso mashariki, na kwamba mtu akilia wakati huo hakuna wa kumcheka. Mara nyingine alimtania. Nilimsikia, "Mbona hunywi kahawa? Nyepesi, eh? Ni huyo shangazi yako." Kisha anangoja, kana kwamba mtoto anajibu, anacheka, anaendelea.

Nilipomletea mchuzi alitaka kijiko cha pili.

Alfajiri ya Jumanne ya pili nilisikia chumba kimenyamaza. Nilimkuta amelala upande, amekielekea kiti.

Tulimzika saa sita mchana, kama inavyopasa. Mzee mmoja kutoka mji wa Hominy alikuja akampaka uso rangi za ukoo. Josephine alikaanga mikate tangu usiku, watu wakala, wakaenda zao. Kuna aliyesema tuiweke picha kwenye jeneza ili imsindikize. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mtoto wa pichani yu hai, hazikwi.

Nataka ujue waziwazi, usije ukajipa tumaini: jina halikutolewa. Wa kulitoa alikuwa yeye, ameondoka nalo. Mimi nimelisikia, ndiyo, lakini kulisikia si kulitoa, na sitajifanya nina mamlaka nisiyopewa. Usiniombe.

Lakini nilikaa mlangoni siku zile zote. Aliyoyasema nimeyashika, hata yale ya mzaha, hata mahali aliponyamaza. Nayarudia nikiwa naosha vyombo ili yasinipotee. Sina mwingine wa kumwambia, na hayakuwa yangu.

Nyumba sasa ni kubwa sana. Kiti sijakirudisha mahali pake.

Dada yako,
Mina


Ohio
30 Mei 1948

Dada Mina,

Salamu kutoka kwangu, na safari hii kutoka kwa Russell pia, ambaye amesema nikuambie ana meno mawili mapya. Marjorie anakusalimu kwa dhati, naye ndiye aliyemnunulia mtoto sanduku la safari. Amekubali akae kwetu mpaka Agosti.

Barua yako ya Machi niliikalia. Sikuweza kuijibu, na nilisema sitaandika mpaka niwe na jambo la kuandika. Nimekuwa hapa kila mwezi kama nilivyoahidi. Tunatembea mpaka kituo cha treni na kurudi, mara nyingi bila neno, na hatusumbuki.

Jana tuliketi kwenye ngazi nikamsomea barua yako yote, nikimfafanulia lile la magoti na lile la kahawa. Sikumficha kwamba jina halikutolewa. Sikumficha kwamba tulichelewa. Alisikiliza akiwa amekumbatia magoti.

"Alikuwa anazungumza na mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo, na yeye.

"Siku zote zile?"

"Siku zote."

Kisha akauliza, "Na mimi nilikuwa namjibu nini?"

Nimemwambia tunakuja kukuuliza wewe uliyekuwa mlangoni. Treni yetu inafika Alhamisi mchana.

Kshonka